Usimjengee Kinyonga Kizimba, Mwachie Fensi

Leo naongea na wale mnaofuga vinyonga, na wale mnaotaka kuanza. Najua mko wengi, kutoka Kericho mjini hadi Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet. Mvua ikinyesha na wadudu wakiongezeka, vinyonga wanaanza kuonekana kwa fensi, na maswali nayo yanaanza. Kizimba kiwe na ukubwa gani? Niweke waya ya kuku ama neti ya mbu? Taa ni lazima?

Jibu langu ni moja: usijenge. Kama unampenda huyo mnyama, na unaishi huku kwetu kwa majani chai, kizimba ndicho kitu kibaya zaidi unachoweza kumpa. Nitaeleza kwa nini, halafu nitakuambia cha kujenga badala yake, maana mikono ya kazi najua mnayo.

Wenzetu wanajenga Kericho ndani ya nyumba

Wengi wenu mmeona video za wafugaji wa Ujerumani ama Marekani. Kizimba chao cha kawaida kwa kinyonga mkubwa ni futi 2 kwa futi 2 chini, na futi 4 kwenda juu, kwa sababu kinyonga ni mnyama wa kupanda na akiwa chini anahisi hatari. Pande zote ni wavu laini ili hewa ipite. Ndani kuna mmea hai kwa chungu na matawi membamba ya kushika. Juu kuna balbu ya joto, na kando yake taa ndefu inayotoa miale ya UVB. Kuna pampu yenye saa ya kujiwasha inayonyunyiza maji kwa majani mara kadhaa kwa siku. Wengine wanaongeza mashine ya kutoa ukungu usiku. Chini kuna trei ya kupokea maji yanayodondoka.

Sasa kichambue hicho kizimba kifaa kwa kifaa. Taa ya UVB ni jua la ikweta. Pampu ni mvua yetu ya alasiri. Mashine ya ukungu ni asubuhi ya kawaida tu pale Chagaik ama Mogogosiek. Wafugaji wa vinyonga wa milimani hata wanahangaika kupoza chumba usiku, kwa sababu hawa wanataka usiku wenye baridi kabisa ndio wakae na afya. Yaani msee yuko Berlin analipa stima kila mwezi ndio apate hali ya hewa ya Kericho kwa kona ya sebule yake, na ukiangalia yote hayo, bado amepata nakala tu.

Wewe uko ndani ya ile ya asili, halafu unataka kumtoa kinyonga humo umwingize kwa boksi? Manze, hesabu haiingiani.

Kile kinachoendelea ndani ya boksi

Na tuseme ukweli, kizimba cha hapa kwetu mara nyingi si kile cha video. Ni mabaki ya mbao yaliyopigwa misumari, waya ya kuku mbele, tawi lililokatwa jana, na kisosi cha maji chini. Kinyonga akiingia humo, matatizo yanaanza siku ya kwanza.

La kwanza ni maji. Kinyonga hunywa matone yaliyo kwa majani, umande ama mvua. Maji yaliyotulia kwa kisosi mara nyingi hata hayatambui kama maji. Anaweza kukauka akiwa hatua chache tu kutoka kwa hicho kisosi, na wewe unafikiri amekunywa, kumbe ni jua limekausha.

La pili ni mifupa. Mwili wake unahitaji miale ya UVB ndio utengeneze vitamini D3, na bila hiyo hawezi kutumia kalisiamu ya chakula. Mifupa inalainika, miguu inapinda, taya linalegea, na mwisho anashindwa hata kurusha ulimi. Na usiniambie utaweka boksi karibu na dirisha. Kioo cha dirisha kinazuia hiyo miale karibu yote na kuacha mwanga tu. Hata wale wenye taa za duka wanalazimika kuzibadilisha kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu taa inaendelea kuwaka vizuri huku miale imeisha nguvu.

La tatu ni joto. Vinyonga wa nyanda zetu za juu, kama yule wa Höhnel mwenye kofia kichwani, kijipembe kifupi puani na ndevu za miba chini ya kidevu, wamezoea jua kidogo la asubuhi na usiku wa baridi. Ukimweka jikoni ama chini ya mabati ndio asisikie baridi, umemwekea kile kitu mwili wake hauwezi kabisa.

La nne ni chakula. Akiwa nje anakula nzi, panzi, nondo, vipepeo na buibui, kila siku kitu tofauti. Kwa boksi anapata panzi, kesho panzi, kesho kutwa umesahau kwa sababu una mtihani.

Na la tano ni upweke anaoutaka mwenyewe. Kinyonga si kuku. Ukimwekea mwenzake ndio asiboeke, umemfungia na mpinzani asiyeweza kumkimbia. Kumwona tu kila dakika kunatosha kumdhoofisha.

Kibaya zaidi ni kwamba kinyonga anaficha ugonjwa. Porini, mnyama anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hivyo ukianza kuona macho yamezama, ama anayafunga mchana, jua ameumwa kwa muda mrefu. Na utampeleka kwa nani? Daktari wa mifugo wa mtaani kwenu anajua ng'ombe wa maziwa, na hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa.

Kuna pia ile mambo ya rangi. Watu wanamweka kwa shati jekundu, kamera inawaka, wanangoja ageuke mwekundu. Kinyonga haigi shati lako. Rangi zake ni lugha ya kuongea na wenzake, na pia ni njia ya kupata ama kupunguza joto. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba vinyonga wa Madagascar wana vifuwele vidogo sana ndani ya ngozi, na wakibadilisha nafasi kati ya hivyo vifuwele, rangi ya mwanga unaorudi inabadilika. Kwa hivyo akiwa mweusi mkononi mwako huku amefungua mdomo, hakuna maajabu hapo. Anakuambia ana hofu, na wewe unatafuta angle nzuri ya video.

Na sheria je?

Wengi wanadhani sheria ya wanyamapori ni ya ndovu na faru. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haisemi hivyo. Kukamata na kufuga mnyama wa porini bila kibali cha KWS ni kosa, hata kama umemwokota kwa fensi ya shosho wako mwenyewe.

Kama unaona natisha watu bure, kumbuka Aprili 2025. Vijana wawili Wabelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi karibu 5,000 kwa vichupa. Sisimizi, wasee! Wafugaji wa Ulaya na Asia wananunua malkia na kuwajengea nyumba za kioo, kama vile nyinyi mnavyotaka kujengea vinyonga. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwapa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja ama mwaka mmoja jela. Mvietinamu na Mkenya walioshtakiwa kwa kesi kama hiyo walipata adhabu ile ile. Na mimi na wewe tunajua, kati ya Mzungu na kijana wa Silibwet, ni nani ataangalia hiyo milioni na kuchagua jela.

Hii biashara tuliiona zamani

Kuna wale hawataki kufuga, wanataka kuuza. Kwao nina stori mbili.

Ya kwanza ni ya 1972. Vinyonga wa pembe tatu, wale wa pande za Mlima Kenya na Nairobi, walitolewa Kenya kwa shehena hadi kwa mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, kisiwa cha Oahu, Hawaii. Walifika wamekonda na wamekauka. Mwenye duka akawaachilia kwa bustani yake ndio wapate nafuu. Wakapata, na hawakurudi dukani. Miti, umande na mvua ya milima ya Hawaii ziliwakubali vizuri hadi leo wameenea visiwa vingine, na huko wanahesabiwa wavamizi kwa sababu wanakula konokono na wadudu wa asili. Mimi naisoma hiyo stori hivi: boksi lilikuwa linawaua, na mti uliwaponya bila fundi wala taa.

Ya pili ni ya Januari 2021. Uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, maafisa walimkamata jamaa akiwa na vinyonga 74 kutoka Tanzania, wa milima ya Usambara, wameingizwa ndani ya soksi na mikebe ya aiskrimu. Watatu walikufa, waliobaki wakapelekwa kwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Na Tanzania ilikuwa imeshapiga marufuku kuuza wanyamapori hai nje tangu 2016. Ukijiona kama mfanyabiashara wa hiyo mali, jua wewe ndiye uko mwanzo wa ile soksi, na wewe ndiye unalipwa kidogo zaidi.

Na kuna kitu wanunuzi hawakuambii. Wengi wa vinyonga wetu wa milimani hawatagi mayai. Ardhi ya huku ni baridi, kwa hivyo mama anabeba watoto tumboni, anaota jua kwa niaba yao, halafu anazaa. Yule wa pembe tatu anabeba kwa karibu nusu mwaka. Ukimkamata jike mnene kwa fensi, labda umeondoa kizazi kizima cha hilo boma kwa mkono mmoja.

Hoja ninazoziheshimu

Sitaki kuwa yule msee wa kulaumu tu. Kuna mtu aliniambia, "Nikimwacha nje, watoto watampiga mawe. Afadhali akae kwangu." Hiyo ni kweli, na inauma. Watoto wetu wengi wanakua wakiambiwa kinyonga ana sumu ama analeta bahati mbaya. Si Kericho pekee. Kutoka kwa Wakamba hadi kwa Wazulu wa Afrika Kusini kuna ngano inayofanana: kinyonga alitumwa awaambie watu hawatakufa, akachelewa, mjumbe mwingine akafika kwanza na kifo kikabaki. Mnyama amebeba hiyo kesi miaka na mikaka.

Lakini boksi lako linaokoa mmoja, na kwa muda tu. Kazi yenyewe iko kwa wale watoto. Wapeleke kwa fensi, wasimame hatua mbili nyuma, waone vile jicho moja linaangalia mbele na lingine nyuma. Waone ulimi ukiruka, mrefu kuliko mwili wake, na nzi ameenda. Waambie wazi kwamba hana sumu yoyote. Dakika kumi za hivyo zinafanya kazi kubwa kuliko kizimba, na mtoto aliyeshangaa mara moja ni ngumu kuokota jiwe tena.

Hoja nyingine ni ya wafugaji wa nje wenye ujuzi. Kuna vinyonga wa Yemeni waliozaliwa kwa vizimba vya huko, kizazi baada ya kizazi, na wenye nao wanajua kazi. Siwapigi vita. Lakini mnyama wao hajatolewa porini. Wako ametolewa kwa tawi jana jioni, na kila kitu anachohitaji bado kiko pale alipotoka.

Halafu kuna hoja ya kazi, na hii ndiyo nzito, kwa sababu huku mashine zinachuna majani na vijana wanatafuta chochote. Kama unapenda reptilia kwa dhati, njia halali ipo. Snake Park ya Nairobi na Bio-Ken kule Watamu zinafuga na kufundisha watu. Nenda ofisi ya KWS uulize masharti ya kibali kabla ya kugusa mnyama yeyote. Njia nyingine ni tochi. Huko Madagascar, watalii wanalipa waongozaji kutembea nao usiku kando ya misitu wakitafuta vinyonga, na mnyama habanduliwi kwa tawi. Sisi tuna watalii wanaokuja kupiga picha za majani chai mchana, wakirudi hotelini jioni hawana la kufanya. Fikiria hapo.

Jenga hivi

Sasa ile kazi ya mikono niliyoahidi.

Moja, tenga kipande cha fensi hai, hata mita tano tu, na usikikate kikawa ukuta. Saipresi iliyonyolewa kila mwezi haina pa kushika wala pa kujificha. Changanya kayaba, lantana, maua ya njano ya kando ya barabara, na mpasheni wa kutambaa juu. Maua yanaita wadudu, na wadudu ndio chakula chake.

Mbili, usipige dawa hapo. Ukiua kila mdudu, umefunga jikoni yake. Magugu ya chini yang'oe kwa mkono.

Tatu, kukiwa na kiangazi cha Januari na Februari, nyunyiza maji kwa majani asubuhi. Tumia chupa uliyotoboa kifuniko. Usitumie kamwe pampu iliyowahi kubeba dawa ya shamba, hata kama umeiosha.

Nne, jenga daraja. Vinyonga wengi wanakufa wakivuka njia chini, kwa boda boda na kwa trekta za majani. Kama geti imekata fensi yako mara mbili, pitisha mti mwembamba ama kamba nene ya katani juu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, ncha zote ziingie ndani ya matawi. Hapo ndipo misumari na zile mbao zako zina kazi: milingoti miwili imara ya kushikilia.

Tano, siku ya kukata fensi, kata upande mmoja, mwingine uache hadi mwezi ujao. Na usiku wa kuamkia hiyo siku pita na tochi. Kinyonga akilala anapauka, anakaa ncha ya tawi, na mwanga wa tochi unamwonyesha kama karatasi nyeupe. Utashangaa walivyo wengi, na utajua panga lipite wapi.

Ukitaka kupiga picha, piga, lakini bila kumgusa na bila kutaja ni boma la nani ama njia gani. Wale wa soksi pia wana simu.

Na kama tayari unaye kwa boksi, usimtupe popote tu. Kama yuko na nguvu na unajua ulipomtoa, mrudishe pale pale, asubuhi yenye jua, umweke kwa tawi na uondoke. Kama ni mgonjwa, ama hujui alitoka wapi, piga simu ofisi ya KWS iliyo karibu na wakuelekeze.

Mwaka 2006 wanasayansi walipotenga kundi jipya la vinyonga wa misitu ya Afrika Mashariki na Kati, walilipa jina Kinyongia. Neno letu hili hili, la Kiswahili, sasa limeandikwa kwa vitabu vya dunia nzima. Itakuwa aibu mtoto wa Bomet aje alijue hilo neno kwa kitabu pekee. Wikendi hii, kabla hujashika panga, toka na tochi uhesabu wangapi wako kwa fensi yenu.